Milango Wazi

Mwaka ule bahari iliganda mapema.
Wanaume wa Hiiumaa walikwenda kuitoboa kwa keekee,
wakarudi wakipimana kwa viganja: hivi. Inatosha.

Baba aliendesha lori la maziwa la shamba la ushirika.
Akaniketisha mbele, akaitanua milango yote miwili,
akaifunga kwa kamba isije ikajirudi.
Baridi ikaingia bila hodi.

Sikuuliza. Nilikuwa na miaka sita na jibu langu tayari:
milango imeachwa wazi ili anga lipite.
Na lilipita. Liliingia kwa upande wa baba,
likatokea kwangu,
likaniachia chembe za theluji mapajani.

Njia nzima hadi Rohuküla
walikuwa wamechomeka matawi ya mreteni kwenye barafu.
Nikajua kuna msitu huko chini, umezama,
na hizi ndizo ncha zake.

Kisha barafu ikasema.
Si kama kioo kinapovunjika. Sauti ndefu,
kama mtu wa mbali sana
anakokota kitanda cha chuma sakafuni mwa bahari.
"Nani anahama?" nikauliza.
"Nyamaza, Endel."
Nikanyamaza. Nilidhani naye anasikiliza.

Siku hizi najua.
Milango ilikuwa wazi ili turuke.
Baba, asiyejua kuogelea, alikuwa akihesabu
matawi yaliyobaki,
uzito wa maziwa,
mtoto amrushe upande upi.
Ajabu yangu yote ile,
mtu mwingine ndiye aliyeilipia.

*

Bahari haigandi tena. Keekee imening'inia ghalani,
kutu imeila hadi kwenye mpini.
Tunavuka kwa meli, mimi na mjukuu wangu Mirtel,
ambaye leo gatini amenishika kidole kimoja tu,
vingine ameniachia.

Meli inakuja na pua yake.
Kisha pua inainuka, inainuka,
chuma kizima kinapiga mwayo,
na ndani ni giza lenye taa ndogo za manjano.
"Babu! Inakula magari?"
Basi la shule. Lori la mbao. Gari la daktari wa meno.
Kila moja likimezwa
Mirtel anatetemeka kwa furaha hadi visiginoni.

Mimi huwa sikitazami kinywa kile.
Nakijua kingine, kilichofunguka usiku,
katikati ya mawimbi, pasipo gati.
Jirani yangu alikuwamo.
Ngazi yake niliyoiazima bado ninayo.
Kwa hiyo kila safari nahesabu
maboya, vipandio, hatua za kufika mlangoni,
mtoto nimrushe upande upi.

"Inakula," namjibu, "ila haitafuni."
Anafikiri. Anataka kujua
kama humo tumboni magari huogopa,
kama huzungumza.

Chini, kwenye sitaha ya magari, anachuchumaa.
Tone la dizeli limeanguka kwenye maji
likatanuka: zambarau, kijani,
rangi ya shingo ya njiwa.
Miaka thelathini nimekanyaga matone kama hayo
nikisikitikia buti zangu.
"Usiguse," namwambia.
Kisha goti langu, lile jipya la hospitali,
linakunjika kwa kelele zake zote,
na mimi niko chini naye, pua karibu na sakafu,
nanusa mafuta,
natafuta anachokiona.

Sikukiona, sikufichi. Niliona dizeli.

Lakini meli ilipong'oa nanga
kitu kirefu kilipita chini yetu, chuma kwa chuma,
na ule upinde mdogo ukajikunja wote kwa pamoja.
"Hilo ni tumbo lake?" akanong'ona.
"Nyamaza," nikasema,
na sauti ilikuwa ya baba, hata ukali wake.

Akanyamaza. Alidhani nasikiliza.
Basi nikasikiliza.