Mizani ya Samaki

Baba alizipima moja baada ya nyingine
kwa mizani ya kuning'inia, yenye ndoano iliyopinda
na magamba ya samoni yaliyokaukia kiooni.
Alifumba jicho moja, akasoma,
akaandika kwa penseli ubavuni mwa friji:
ya titani, wakia ishirini na nane;
ya skandiamu, ishirini na tano na ushei;
ya chuma cha pua, aliyoachiwa na marehemu Einar,
arobaini na saba.
"Hii," akasema, "si bastola. Ni nanga."

Huku Baranof lami ni maili chache,
mvua haina hesabu.
Lami inapokatika unaingia kwa dubu,
na kwa dubu hakuna mlango wa kupiga hodi.
Baba aliajiriwa kuhesabu samoni vijitoni,
kidude cha kubofya mkono huu,
na mkono wa pili karibu na kifua,
palipolala ala ya ngozi
na risasi sita nene kama vidole gumba.

Alianza na moja. Zikawa saba.
Mama alizitazama zimepangwa juu ya taulo,
silinda wazi, midomo mifupi,
akasema, "Arne, mikono yako miwili,
dubu mmoja. Hizo tano za nani?"
Baba akapuliza vumbi lisilokuwepo.
"Hii imepungua wakia tatu kuliko ile."
Tatu! Uzito wa yai na nusu.
Kwa hizo aliuza mashine ya boti.

Nilipotimiza kumi na sita akanipeleka machimbo ya kokoto.
"Ishike kama mkono wa mtu anayeteleza jabalini."
Nikaishika. Nyepesi, karibu ya kuchekesha,
kama kitu cha kuwekea chumvi.
Nikavuta.
Sikusikia mlio. Nilisikia kiwiko.
Kiganjani ukabaki mchoro wa mpini,
buluu siku mbili, njano wiki nzima.
Kopo lilikuwa palepale, zima, linanitazama.
"Ndiyo bei," akasema baba, akinikanda kifundo.
"Uzito uliougomea njiani
unakungoja mkononi."

Dubu alikutana naye mara moja tu, Agosti,
jike mwenye mtoto, hatua kumi na mbili,
pua juu, maji yakimchuruzika kidevuni.
Mkono ukaenda kifuani, ukapata kifungo,
ukasahau kifungo hufanywa nini.
Hapo baba akajisikia anaongea
Kinorwei cha bibi yake, lugha asiyoijua
ila sala ya kabla ya kula.
Akaisali yote. Akairudia.
Jike akasikiliza mpaka amina,
akageuka, akamsukuma mwanawe vichakani.
Usiku uleule baba aliagiza ya saba.

Kisha ugonjwa ukaanza kumchonga,
kama fundi anayetafuta wepesi:
mashavu kwanza, mapaja, sauti.
Nilimbeba kutoka kitandani hadi dirishani
kwa mkono mmoja na nusu.
"Nina ratili ngapi?" akauliza.
Nikamtajia namba ya uongo.
Ya kweli niliiandika chini ya zile saba,
bila jina, penseli ileile.

Baada ya mazishi walikuja kina Delmer na Hutchins.
Walizipokea viganjani, wakazipandisha, wakazishusha,
wakatikisa vichwa kama wanaopewa ndege hai.
Sita zikaondoka na bahasha ikabaki.
Mama hajaifungua.

Mimi nilibaki na nanga.
Naenda nayo vijito vya baba, kidude kilekile mkononi.
Ukanda unanichuna bega, chuma kinagonga mbavu
kila hatua, nami nakiacha kigonge.
Jana kulikuwa na nyayo mpya kwenye tope,
maji yalikuwa bado yanaingia ndani yake.
Nilisimama.
Nimeanza kujifunza ile sala.
Nimefika neno la nne.