Utaya, Wingi Taya

Daktari wa Kisumu alisema "taya lako",
na mama, shavu limevimba, mate yakimtoka pembeni,
akamsahihisha: ukiwa mmoja ni utaya.
Utaya, wingi taya. Ngeli ya U-ZI.
Miaka thelathini na mmoja alifundisha Kiswahili pale Ahero;
ganzi ya mdomo haijamstaafisha.

Dripu ilikuwa ya mifupa.
Saratani ilipotoka kwenye titi ikaparamia uti wa mgongo
walimtundikia chupa kila baada ya wiki nne
ili pingili zisivunjike akiinama kufua.
Nazo hazikuvunjika.
Naandika hilo mapema
kwa sababu nikipandwa na hasira huwa nalisahau.

Halafu gego. Moja tu, la chini, kulia,
lililomnyima usingizi tangu Krismasi.
Kijana wa kliniki karibu na stendi aling'oa kwa dakika tano,
akampa pamba aiume.
Hakuuliza, "Mama, unatumia dawa gani?"
Kadi ya hospitali ilikuwa mkobani, juu ya magoti yake.
Na kule kwenye dripu
hakuna aliyewahi kumwambia, fungua mdomo.

Maji ya chumvi. Wiki mbili. Mwezi.
Mvua zikaja, mpunga ukapandikizwa,
shimo halikuziba.
Niliwasha tochi ya simu nikaona ndani
kitu cheupe, cheupe cha kuelekea manjano,
kama punje iliyosahauliwa kwenye gunzi.
Nikadhani ni chakula. Nikataka kumtolea.
Kumbe ni yeye mwenyewe.

Mfupa, daktari alieleza, ni kama nyumba ya udongo:
kuna wanaobandua ukuta mkuukuu,
kuna wanaokandika upya nyuma yao.
Dawa iliwafukuza wabanduaji, ukuta usianguke.
Ukuta haukuanguka.
Ila palipotoboka, hapana wa kuanza kazi.

Nyanya yake aling'olewa meno sita ya chini
kwa siku moja, kwa kipande cha chuma, akiwa msichana,
kama ilivyokuwa desturi ya Waluo wa wakati ule.
Kwenye picha anacheka,
ufizi umefunga laini kama ukingo wa bakuli.
Mama huitazama sana picha hiyo siku hizi.
Hasemi kitu.

Jumanne, akinywa supu ya kamongo,
kipande kikatoka chenyewe.
Kidogo, kikavu, chepesi.
Alikisuuza, akakishika kwa vidole vitatu,
vilevile, hata nikageukia ukuta
kutafuta ubao.

Jioni akampigia Perpetua wa Katito
anayeanza dripu Jumatatu.
P haikutoka.
Akalirudia jina mara ya pili, ya tatu,
leso kidevuni,
hadi likakaa sawa. Ndipo akauliza:
"Umeshamwonyesha mtu meno yako?"