Konzi Moja ya Utupa

Siku ya kwanza Mwalimu Nachilongo hakutupa kalamu.
Alitupa kila mmoja mfuko mtupu wa chumvi, akasema:
Shukeni bondeni. Asirudi mtu na jani
asilolijua mti wake.

Kitangari nzima ilituona tukishuka, vijana tisa:
mapacha wa kwa Mchopa, wasiokubaliana hata njia;
Anaupendo, aliyefeli hesabu mara mbili;
Masunga, aliyekuja na ng'ombe wa baba yake
akiwa hajabalehe, na leo ana ndevu,
na bado watu wanamwita mgeni.
Na mimi, niliyemaliza kidato cha nne
nikarudi kupanga mawe juu ya paa la bibi.

Masunga ndiye aliyetufundisha kunusa.
Alivunja kijiti, akakipeleka puani mwa mtamba,
akangoja mtamba aseme.
Sisi tulicheka. Mwalimu hakucheka,
aliandika.

Mbegu za papai, zikauke kivulini, si juani.
Shubiri, ikatwe asubuhi, maji ya kuku yabadilishwe jioni.
Utupa, konzi moja kwa ndoo, povu la sabuni kidogo.
Mimi sikuandika.
Konzi ni konzi, nilijiambia, mkono ninao.

Mbuzi wa Bi Somoe alikuwa na kupe masikioni
waliobanana kama kunde ndani ya ganda.
Watu walisimama kuangalia.
Nikatwanga konzi moja. Watu wakazidi.
Nikatwanga ya pili, na ya tatu,
maana hakuna aliyewahi kunitazama hivyo
tangu matokeo yatoke.

Kupe walipukutika. Walinipigia vigelegele.
Usiku kitoto chake kikanyonya
chuchu nilizozipaka povu nisizozisuuza.

Alfajiri Bi Somoe alikuja mlangoni.
Sikusikia matusi niliyokuwa nimejiandalia.
Alisema tu: Maji ya ile ndoo
niliyanunua shilingi mia tano.
Akaondoka na kamba mkononi,
kamba fupi, ya shingo ndogo.

Mwalimu alinikabidhi daftari.
Andika, alisema, na jina lako uliweke juu.
Niliandika: konzi tatu. Niliandika: sikusuuza.
Anaupendo akanifundisha kugawanya ndoo kwa mbuzi,
yeye aliyefeli hesabu,
akichora duara mchangani kwa kidole cha mguu.

Kisha kideri kikaingia, msimu wa korosho.
Watu wakatujia na makapu ya kuku waliopinda shingo:
Haya, wataalamu wa majani, toeni dawa.
Nikamtazama Mwalimu. Akatikisa kichwa.
Kwa hili hakuna jani, alisema,
huyu alihitaji chanjo kabla hajaugua.
Wengine waliguna, wakatuona waongo.
Tulizunguka na kisanduku cha barafu nyumba kwa nyumba,
tone moja jichoni, kwa wale waliobaki wazima.
Masunga alibeba kisanduku. Wakamfungulia milango,
wengine kwa mara ya kwanza.

Jana Bi Somoe ameniita.
Mbuzi yule yule, masikio yale yale.
Ndoo ya maji ipo pembeni, imefunikwa kwa sinia,
na yeye amekalia kinu, hataki kuinuka.
Konzi ngapi? ameuliza.
Moja.
Nionyeshe.

Nimekunja mkono juu ya majani.
Ameushika, ameukunjua kidole kwa kidole,
ameondoa jani moja lililochomoza,
ameuangalia tena.
Sinia bado lipo juu ya ndoo.