Wametulia

Tulikuwa tisa na meza sita.
Meza ya saba ilikuwa mlango wa bafu:
Hrant aliung'oa, akaulaza juu ya masanduku,
na kitasa chake kikabaki ubavuni mwa kompyuta yangu.
Nikichoka nilikizungusha,
huenda nikatokea upande wa pili.

Ghorofa ya nne, Yerevan, juu ya duka la viatu vya maharusi.
Siku ya kwanza Shushan alituambia, "Hapa hakuna bosi,"
kisha akatugawia kazi.

Tulitengeneza sikio.
Kidude kama njugu, unakitia ndani ya mzinga,
kinasikiliza nyuki, kinatuma mvumo wao kwenye seva,
na mfugaji, popote alipo, anaona taa kwenye simu.
Kijani: wametulia.
Njano: malkia ana mashaka.
Nyekundu: wanataka kuhama.

Mshahara nusu pesa, nusu hisa.
Hisa nilizipokea kwa mikono miwili,
kama mtu anayepewa kuku angali yai.
Mama aliuliza zinanunua nini sokoni.
Nikamwambia, zinasubiri.
"Basi na nyanya zikusubiri," akasema.

Wengine waliandika msimbo.
Mimi niliandika samahani.
Samahani, tumeona hitilafu. Samahani, zima halafu washa.
Nilijifunza kusema "timu yetu" nikiwa peke yangu
saa tisa usiku, soksi jozi mbili, hita imezimwa kubana matumizi,
Hrant amelala chini ya ubao mweupe
ulioandikwa UKUAJI kwa wino usiofutika.
Mtu alikosea kalamu. Hakuna aliyekiri.

Wenye mtaji walikuja Machi.
Tulikodi mimea, tukakodi mashine ya kahawa,
binamu wawili wa Zaruhi wakaletwa kujaza viti,
wabonyeze chochote, ila wakunje uso.
Ukutani ramani, mizinga elfu na mia mbili,
na karibu yote kijani.
"Wametulia," alisema Shushan, sauti ikimtetemeka kwa furaha
au kwa njaa, maana tangu jana hatukuwa tumekula.
Mikono ikashikana. Tulipiga makofi
hadi mlango wangu ukateleza masandukuni.

Siku ya tatu akapiga simu Haykanush wa Vardenis.
Hakufoka. Laiti angefoka.
"Binti, mizinga yangu kumi na minne ni kijani.
Leo nimeifunua. Wamekufa wote,
tangu baridi ya Januari yamkini,
wameshikana kama ngumi.
Nauliza tu: kijani hiki mnakitoa wapi?"

Nilimwamsha Hrant. Tukagawana spika za masikioni,
yeye la kushoto, mimi la kulia,
tukasikiliza mzinga hadi mzinga.
Upepo. Hakuna kitu. Upepo.
Akateremka kwenye msimbo mstari kwa mstari
mpaka pale alipoandika mwenyewe, usiku mmoja wa Agosti,
*mvumo ukipungua: wametulia.*
Mvumo ukikoma, hakuwa ameandika neno.
Na sufuri, kwa kuwa ni ndogo kuliko namba zote alizoziwaza,
ilipita mlango uleule, ikavaa kijani.

Shushan alisoma, akakaa sakafuni na koti lake zuri.
"Pesa inaingia Ijumaa," alisema.
Ilikuwa Jumanne.

Kimya kingi kina mshindo, husemwa.
Chetu kilikuwa na friji tu.
Zaruhi alitazama kucha zake. Hrant alitazama ubao.
Angetutia mtu kidude chetu saa ile
tungesomeka vizuri sana.

Nikainua simu.
Sikusema timu yetu.
Nilitaja jina langu, na la baba yangu,
nikasema nilichokisikia na nisichokisikia.
Shushan hakunizuia. Hakunitazama pia.

Kule Vardenis mbwa alibweka,
ndoo ikawekwa chini,
na mtu akavuta pumzi ndefu kabla ya kunijibu.