Daftari la Mjomba Numbi

Treni ya Ndola iliingia Alhamisi usiku,
na mjomba Numbi, mtu wa breki, behewa la mwisho,
alishuka na mfuko wa unga usio na unga:
santuri tatu, nne, nyeusi, ndogo,
zimeviringishwa ndani ya shati la kazi
kama mayai.

Zilitoka London. Hatukujua zaidi.
London, kisha meli, kisha Beira, kisha reli,
kisha duka la Mhindi mmoja pale Ndola
aliyeuza nusu bei zile zilizokwisha kuporomoka
katika orodha ya kwao.

"Kule," alisema, "nyimbo zinapangwa mstari
kama watu siku ya mshahara.
Kila juma wanahesabu. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa hamsini.
Wa hamsini na moja hana jina."

"Na siye?" akauliza Mama Feza, muuza ndakala.
"Siye habatuhesabu."
"Basi tuhesabu siye benyewe."

Ikaanza hivyo, Kamalondo, nyumba ya tatu toka bombani.
Jumamosi. Moshi wa kiwanda umelalia upande wa Katuba.
Tepazi ya betri juu ya kreti ya bia,
bakuli la enameli kwa kila wimbo,
na kila mtu harage moja mkononi.
Moja tu. Kapend, fundi baiskeli, alitia mawili,
akafungiwa nje majuma mawili,
akasikilizia dirishani, shingo ndefu.

Kiingereza hatukukijua.
Tuliita nyimbo kwa tabia zake:
Anayelilia Mvua.
Wasichana Watatu Wanagombana.
Gitaa la Mtu Mwenye Haraka.
Na moja, karatasi yake ya katikati imebanduka yote,
kijana anaimba, halafu katikati ya ubeti
anapiga mluzi
kana kwamba maneno yamemtoroka.
Hiyo tukaiita Pengo.

Pengo ilikaa ya kwanza majuma kumi na moja.
Watoto waliipiga mluzi foleni ya maji.
Mama Feza aliipiga mluzi akipima samaki,
na kipimo kilikuwa kizuri zaidi siku hizo, wateja walisema.
Mjomba aliandika yote, kwa penseli ya reli, bluu:
namba, jina, maharage.

Kisha Desemba ile.
Ndege zilipita chini hata bati likaimba lenyewe.
Tulilala chini ya kitanda, kitanda chini ya godoro la jirani.
Ukurasa wa juma hilo ninao:
*Hakuna kura. Maharage tumekula.*

Reli ilikatwa, ikaungwa, ikakatwa.
Santuri mpya hazikuja. Pengo ikachakaa,
sindano ikawa inalima tu,
lakini pale penye mluzi palibaki,
sijui kwa nini, pasafi.

Juzi mjukuu wangu Kyona alinifungulia simu.
Orodha zote za Waingereza, mwaka sitini, sitini na moja, sitini na mbili,
juma baada ya juma, kama daftari la mjomba lingekuwa na pesa.
Tulikaa mpaka umeme wa SNEL ukakatika, tukaendelea.
Anayelilia Mvua: alifika wa saba.
Wasichana Watatu: kumi na tisa, wakashuka.
Kila mmoja ana jina lake la kweli, na sura, na mkoba wa nywele.

Pengo haimo.
Niliipigia simu mluzi, kwa meno haya niliyobakiwa nayo.
Simu ikafikiri, ikasema haijapata kitu.
Kyona alicheka. Mimi kidogo.

Namwaza yule kijana.
Chumba cha baridi mahali fulani, koti bado limelowa,
ananunua gazeti kila juma,
anaanzia chini, hamsini, arobaini na tisa,
anapandisha kidole, anafika juu,
anakunja gazeti.

Maharage arobaini na matatu, juma moja tu.
Ningependa aambiwe.
Yalikuwa ya njano, yale ya Kundelungu,
yasiyochelewa kuiva.