Siku Moja Nzulo

Tulishuka kwenye pikipiki, viatu vyeusi kwa vumbi la volkano.
Mama Nzigire akatupokea kwa sambaza wa kukaanga
juu ya jani la mgomba, wa moto bado,
na swali: "Goma bado iko?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Alitutembeza ufukoni, jiwe kwa jiwe,
akitaja mashamba kwa majina ya waliohama.
Kwenye kibonde cha majani mabichi, kizuri kuliko pote,
nikataka kukaa.
Akanishika mkono: "Hapo hapana. Mazuku hulala hapo.
Mbuzi wangu wawili waliinama kula,
hawakuinuka."

Jioni nikaoga ziwani.
Maji vuguvugu, kimya.
Nilisimama wima,
pua juu,
kama mbuzi aliyeonywa.