Masharti ya Shombo

Bi Mize wa Limbani, ufunguo mkononi:
"Kodi tarehe tatu. Maji hayamwagwi ukumbini.
Mnyama, simtaki."
Shombo alikuwa ndani ya kikapu, chini ya kanga,
kimya, kama aliyesikia.

Siku ya pili akafumaniwa
juu ya jamvi la mwenye nyumba, anajilamba.
Bi Mize hakufoka. Aliagiza kalamu.
Mchanga wake ubadilishwe kila alfajiri.
Wavu wa dirisha ukichanika, nalipa mimi.
Karafuu zilizoanikwa asizikanyage,
na akizaa, wanawe si watoto wa nyumba hii.
Nikatia saini.
Shombo akapiga chafya.

Miaka miwili nimelipa: wavu mara tatu,
mto wa sufi,
na changu wa jirani Shaame,
keshatiwa ndimu na chumvi, anangoja moto tu.
Deni la paka halilii nyau;
hubisha hodi kwa mwenye paka.

Kisha nikapata vyumba viwili Jadida.
Nikasugua sakafu hadi magoti yakawaka.
Bi Mize akanusa kila pembe,
akanihesabia amana yangu, noti kwa noti,
hakukata hata shilingi.

Wiki haijatimia, Shombo hayupo.
Nimeita uchochoroni, nimegonga sahani, wapi.

Usiku simu ikalia.
"Mpangaji wako karudi. Yuko jamvini kwangu.
Naona mkataba wake yeye haujaisha."
"Nije nimchukue, Bi Mize?"
Akanyamaza.
Nikasikia sahani ikiwekwa chini, taratibu.
"Njoo na mchanga."